CRP ilishuka, mgonjwa akazidiwa: uchambuzi wa kisa cha UVIKO-19 wodini

Kisa hiki ni cha mgonjwa mmoja aliyelazwa na UVIKO-19 na kukaa hospitalini siku 27. Umri wake halisi, tarehe na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa kidogo. Mfuatano wa matukio na mwenendo wa majibu ya maabara umeachwa kama ulivyokuwa. Nilikuwa mmoja wa madaktari wa wodi ile, kwa hiyo makosa nitakayoyataja ni yetu sote, na machache ni yangu peke yangu.

Nakiandika kwa sababu ya namba moja. Asubuhi ya siku ya 6 wodini maabara ilileta CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, ya 8 mg/L, kutoka 171 siku nne kabla. Kwenye raundi tulipeana tabasamu. Mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa amezoea kuuliza "leo namba imefika wapi?", aliambiwa kwamba anapona. Saa 48 baadaye tulikuwa tunatazama picha ya CT yenye kishimo cha usaha kwenye pafu lake la kulia.

Usuli

Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu, alifika siku ya 8 tangu dalili zianze. Homa na kikohozi vilitangulia, kisha kukosa pumzi kukaja siku mbili kabla ya kulazwa. Kipimo cha PCR kilithibitisha virusi vya SARS-CoV-2. Bila msaada, kiwango chake cha oksijeni kwenye damu kilikuwa 88%, na alikuwa akipumua mara 28 kwa dakika. Akili timamu, anaongea, ila sentensi anazikata katikati.

Siku hiyo ya 8 ya dalili ina maana yake katika ugonjwa huu. Wagonjwa wengi wanaozidiwa huzidiwa kati ya wiki ya kwanza na ya pili, wakati virusi vimeanza kupungua na madhara makubwa yanatokana na kinga ya mwili inayowaka kupita kiasi. Ndiyo maana vipimo vya mchochota, yaani kuwaka huko, huwa na uzito wakati huo kuliko siku ya pili au ya tatu.

Majibu ya kwanza na tulivyoyasoma

Chembe nyeupe kwa jumla zilikuwa bilioni 6.9 kwa lita, jambo lisilomshtua mtu. Ndani yake limfosaiti zilikuwa bilioni 0.7 tu, chini ya 1.0 ambayo wengi wetu tunaichukulia kama mstari wa tahadhari. CRP 148 mg/L. Feritini, kipimo kingine cha mchochota, 1,240. LDH, kimeng'enya kinachovuja chembe za mwili zikiharibika, 480. Troponini, kipimo cha moyo, ya kawaida. Vipimo vya figo: kreatinini 92 µmol/L, urea 7.4 mmol/L, sukari 13.4 mmol/L. Prokalsitonini 0.12 ng/mL. D-dima, kipande kinachobaki faibrini, yaani nyuzi za damu iliyoganda, inapovunjwa, nitaieleza peke yake, maana ilituletea mkasa wake.

Picha hii ni ya kitabuni kabisa: limfosaiti chini, CRP juu, prokalsitonini chini. Prokalsitonini hupanda sana bakteria wanapovamia, lakini kwenye maambukizi ya virusi mwili hutoa interferoni gama, ambayo huizuia isipande. Ndiyo maana CRP ya 148 pamoja na prokalsitonini ya 0.12 zinaweza kukaa kwenye karatasi moja bila kupingana. Tuliamua kutompa antibayotiki. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na bado nautetea, kwa sababu bakteria kuandamana na UVIKO-19 mtu anapofika tu hospitalini ni jambo la nadra, na hakuna kingine kilichoashiria bakteria: makohozi hayakuwepo, na eksirei ilionyesha ukungu pande zote mbili kwenye kingo za mapafu.

Tulipiga pia hesabu ya alama za 4C zinazokadiria hatari ya kifo kwa waliolazwa na UVIKO-19. Alipata 10 kati ya 21, kundi la hatari kubwa. Mtu akitazama vipengele vinane vya alama hizo ataona kwamba viwili tu vinatoka kwenye damu, urea na CRP. Vingine ni umri, jinsia, magonjwa mengine, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni na hali ya fahamu. Kitu kinachopatikana kwa saa ya ukutani na kidole kwenye kifaa cha oksijeni kina uzito mkubwa kuliko nusu ya chupa tunazojaza kila asubuhi. Tungelikumbuka hilo siku ya 7, kisa hiki kingekuwa kifupi.

Alianzishiwa oksijeni, deksamethasoni (steroidi ya kutuliza mchochota) miligramu 6 kwa siku, heparini ya dozi ndogo ya kukinga damu isigande, na insulini. Deksamethasoni haikuhitaji mjadala. Jaribio la RECOVERY la Uingereza mwaka 2020 lilionyesha kwamba kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa 29.3% kwa waliopewa dawa hiyo na 41.4% kwa waliopata huduma ya kawaida tu. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni bila mashine ilikuwa 23.3% dhidi ya 26.2%.

D-dima "iliyopanda maradufu" usiku mmoja

Mgonjwa alikuja na barua kutoka kituo cha kwanza. Humo D-dima iliandikwa 390, bila kipimo chochote mbele yake. Yetu ilisoma 780. Daktari wa zamu ya usiku akaona imepanda maradufu kwa chini ya saa 24 na akaandika kwenye faili pendekezo la heparini ya dozi kamili ya matibabu.

Asubuhi mfamasia aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: namba hizi mbili ni za lugha moja? D-dima huripotiwa kwa njia mbili. Maabara nyingine huhesabu uzito wa kipande chenyewe cha D-dima. Nyingine huhesabu kwa kulinganisha na uzito wa faibrinojeni, protini iliyokizaa, na njia hii ya pili hutoa namba takriban mara mbili ya ile ya kwanza. Simu moja kwa kituo cha kwanza ikamaliza kesi. Wao walitumia njia ya kwanza, sisi ya pili. 390 yao na 780 yetu ni kitu kilekile. Damu ya mtu huyu haikuwa imebadilika hata kidogo usiku ule; kilichobadilika ni mashine iliyoipima.

Dozi kamili ya heparini ilisitishwa. Sisemi kwamba haina nafasi kwa mgonjwa wa aina hii. Kuna majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 yaliyoonyesha faida kwa waliolazwa ambao hawajawa mahututi, na kukosekana kwa faida kwa mahututi. Lakini kumpa mtu dawa inayoweza kumtoa damu kwa sababu ya kosa la kunakili ni jambo jingine kabisa.

Siku ya 2 hadi ya 6

Asubuhi ya siku ya 2 alizidiwa. Mrija wa puani haukutosha tena, akahamishiwa oksijeni ya mtiririko mkubwa kwa 60%. CRP ilikuwa 171. Alikidhi masharti yaliyotumika kwenye RECOVERY kwa tosilizumabu, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, yaani oksijeni chini ya 92% bila msaada au kuhitaji oksijeni, pamoja na CRP ya 75 mg/L au zaidi. Katika jaribio hilo vifo vilikuwa 31% kwa waliopewa na 35% kwa wasiopewa. Tulimpima homa ya ini B, tukamhoji na kutazama picha kwa ajili ya kifua kikuu, kisha tukampa dozi moja asubuhi hiyohiyo.

Hapa ndipo kisa kilipoanza kupinda, ingawa kwa siku nne kila kitu kilionekana kunyooka. CRP zake za asubuhi zilikuwa hivi: siku ya 3, 82. Siku ya 4, 36. Siku ya 5, 16. Siku ya 6, 8. Oksijeni aliyohitaji kupewa nayo ilishuka kutoka 60% hadi 40%. Homa ilikatika siku ya 3 na haikurudi. Alikula, akapiga simu nyumbani, akaanza kulalamikia mto.

Siku ya 4 palitokea mtikisiko mdogo. LDH ilirudi 910 na potasiamu 6.1. Muuguzi aliyetoa damu alisema papo hapo kwamba mshipa ulikuwa mgumu na damu ilivutwa kwa nguvu kwenye kanula nyembamba. Chembe nyekundu zikipasuka ndani ya chupa humwaga LDH na potasiamu yake, na maabara haiwezi kujua kama zilipasukia mwilini au kwenye sindano. Damu ilirudiwa kutoka mkono mwingine: LDH 455, potasiamu 4.3. Tukasonga mbele.

Wakati huohuo nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zilikuwa zikipanda. Siku ya kwanza zilikuwa bilioni 5.6 kwa lita, na siku ya 5 zikafika 9.8. Tuliandika kwenye faili maneno mawili, "athari ya steroidi", na kwa siku hiyo maneno hayo yalikuwa ya kweli. Deksamethasoni hubandua nyutrofili zilizojishikiza kwenye kuta za mishipa zikaingia kwenye mkondo wa damu, kwa hiyo idadi hupanda bila maambukizi mapya. Limfosaiti kubaki 0.6 nako kulielezwa na dawa hiyohiyo, kwa kuwa steroidi hushusha limfosaiti. Tabu ya maelezo mazuri ni kwamba ukishayaandika mara moja, unayanakili kesho yake bila kuuliza.

Siku ya 7

Nitaieleza siku hii polepole kwa sababu kila tulichokihitaji kilikuwepo.

Saa nne usiku wa kuamkia siku ya 7 muuguzi wa zamu aliandika: "Makohozi mazito, rangi ya kijani, yameanza leo." Alfajiri aliongeza oksijeni kutoka 40% hadi 50% kwa sababu kiwango kilikuwa kinashuka hadi 89. Mgonjwa alikuwa akipumua mara 26 kwa dakika. Siku iliyotangulia zilikuwa 21. Sukari, iliyokuwa imetulia kati ya 9 na 11 kwa siku tatu, ilipanda hadi 17, ikarudi kidogo, ikapanda tena hadi 19. Insulini iliongezwa karibu maradufu. Deksamethasoni ilikuwa ileile miligramu 6.

Nyutrofili zilisoma 13.1. Chini ya namba hiyo mtaalamu wa maabara alikuwa ameitazama damu kwa hadubini na kuongeza mstari: "Nyutrofili changa zimeongezeka, zina punje nzito ndani. Fikiria maambukizi ya bakteria." Mstari huo ulifika kwenye kompyuta ya wodi. Haukufika kwenye raundi. Sisi tulisoma kwenye jedwali lililonakiliwa kwa mkono kila asubuhi, na jedwali lile lilikuwa na visanduku vya namba tu.

CRP ilikuwa 6. Homa hapana.

Kwenye raundi tulijadili kupanda kwa oksijeni na tukakubaliana kwamba amechoka, kwamba amelala chali muda mrefu, kwamba mrija ulikuwa umesogea usiku. Nilisema mimi mwenyewe, na nakumbuka maneno yangu: "Kama angekuwa na bakteria CRP ingetuambia." Hakuna aliyenipinga, na sidhani ni kwa heshima. Wote tulikuwa tunaamini hivyo.

Siku ya 8

CRP 5. Nyutrofili 16.4. Oksijeni aliyopewa 65%. Kreatinini ilikuwa imepanda hadi 118. D-dima, ambayo siku ya 5 ilikuwa 1,100, ilirudi 3,900.

Ni D-dima iliyotuamsha, na ilituamsha kwa sababu isiyo yake. Tulishuku bonge la damu mapafuni. Daktari mmoja alitaka heparini ya dozi kamili ianze papo hapo. Mwingine, aliyekumbuka mkasa wa siku ya kwanza, alitaka picha kwanza. Tulipima hatari ya dawa ya kung'arisha mishipa dhidi ya figo zilizoanza kulegea, tukaona faida ni kubwa kuliko hatari, akapelekwa CT mchana huo.

Mishipa ya mapafu ilikuwa safi, bila bonge lolote. Lakini sehemu ya chini ya pafu la kulia ilikuwa imejaa na kuganda kwa namna tofauti kabisa na ukungu wa virusi wa pande zote mbili, na katikati yake palikuwa na kishimo kidogo. Daktari wa picha alipiga simu kabla hajaandika ripoti. Aliuliza kama tumeshamwanzishia antibayotiki, na upande wetu wa simu pakawa kimya kwa muda.

Makohozi na damu vilipelekwa kuoteshwa, kisha antibayotiki za kutosha kufunika bakteria wa hospitalini zikaanza ndani ya saa moja. Prokalsitonini, ambayo hatukuwa tumeirudia tangu siku ya 1, ilikuwa 0.9. Kesho yake 2.4. Makohozi yaliotesha Staphylococcus aureus isiyo sugu kwa dawa za kundi la penisilini zinazotumika dhidi yake, na damu haikuotesha kitu. Siku ya 11 dawa zilipunguzwa hadi moja inayolenga bakteria huyo peke yake.

Matokeo

Usiku wa siku ya 8 alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, akasaidiwa kupumua kwa barakoa ya shinikizo kwa siku nne bila kuwekewa mpira wa kooni. Deksamethasoni ilisimamishwa siku ya 10 kama ilivyopangwa. Kreatinini ilifika 131 ikarudi chini ya 100. Prokalsitonini ilishuka hadi 0.3 kufikia siku ya 14. CRP katika muda huo wote, na usaha umo mapafuni, haikuvuka 7.

Alitoka siku ya 27, mdhaifu, akitembea kwa kupumzika kila hatua chache, bila oksijeni.

Uchambuzi: ini lililonyamazishwa

CRP hutengenezwa na ini, na ini huitengeneza kwa amri. Amri kuu inaletwa na intaleukini-6, ambayo chembe za kinga huitoa zinapogundua shambulio au jeraha. Tosilizumabu huziba pokezi za intaleukini-6. Amri inaendelea kutumwa, hata kwa wingi zaidi, ila hakuna wa kuipokea. Ukimpima mtu intaleukini-6 yenyewe baada ya dawa hii utaikuta imepanda, kwa kuwa pokezi zilizokuwa zikiiondoa kwenye damu zimezibwa. Mtu asiyejua ataona CRP inaanguka na intaleukini-6 inaruka juu, akadhani maabara imechanganya chupa.

Kwa hiyo baada ya siku ya 2 CRP ya mgonjwa huyu haikuwa tena habari kuhusu mapafu yake. Ilikuwa habari kuhusu dawa. Na jambo linaloniuma ni kwamba namba zenyewe zilikuwa zinasema hivyo. CRP iliyokwisha kuingia kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa 19 hivi, na kasi hiyo haibadiliki sana mtu awe mgonjwa au mzima. Ini likifungwa kabisa, kila asubuhi utakuta karibu asilimia 40 ya ulichokikuta jana. Tazama tena: 171, 82, 36, 16, 8. Kila namba ni kati ya asilimia 44 na 50 ya iliyotangulia, siku nne mfululizo. Mgonjwa anayepona kwa nguvu zake huwa hashuki hivyo. Huteleza, husita siku moja, hupanda kidogo, hushuka tena, kwa kuwa mchochota haukatiki kama umeme. Mteremko ulionyooka namna ile ni wa kiwanda kilichofungwa milango, huku bidhaa iliyobaki ikiisha dukani. Sikuwahi kuuchora kwenye karatasi hadi baada ya kisa. Kuuchora kulichukua dakika tano.

Dawa hii pamoja na steroidi pia hufuta homa. Tulikuwa tumeondoa kengele mbili kwa mkono wetu, kisha tukatumia ukimya wake kama ushahidi.

Prokalsitonini haikunyamazishwa kwa kiasi kilekile. Nayo inaweza kudhoofishwa na mchanganyiko wa deksamethasoni na tosilizumabu, kwa hiyo namba ya chini isingetosha kuondoa shaka. Lakini iliyopanda kutoka 0.12 hadi 0.9 ina maana. Ingepimwa siku ya 6 au ya 7 huenda tungeona mwanzo wa kupanda huko. Hatukuipima kwa sababu ambayo ukiiandika inachekesha: CRP ilikuwa nzuri.

Kuhusu nyutrofili, tofauti ilikuwepo ya kuonekana. Zinazosukumwa na steroidi ni nyutrofili zilizokomaa, zilizokuwa zimejishikiza ukutani. Zinazosukumwa na bakteria huja na changa kutoka kwenye uboho, na punje nzito ndani yake. Tena dozi haikubadilika tangu siku ya 1, na athari ya dozi isiyobadilika haitarajiwi kuendelea kupanda kutoka 9.8 hadi 13.1 hadi 16.4. Mtaalamu wa maabara aliona yote haya kwa jicho lake. Tulipokwenda kumweleza kilichotokea, aliuliza kwa upole kama mistari yake huwa inasomwa.

Sukari ndiyo iliyonifundisha zaidi. Hatuihesabu kama kipimo cha mchochota, inapimwa kidoleni na muuguzi, matokeo yake yanakaa kwenye karatasi ya insulini ambayo madaktari huitazama mwisho. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyetulia kwenye dozi ileile ya steroidi, sukari inayopanda ghafla kwa saa 24 inahitaji sababu, na maambukizi ni sababu ya kwanza kutafuta. Karatasi ile ilijua kabla ya CRP, kabla ya D-dima, kabla yetu.

D-dima ilitusaidia, na siwezi kuinyima hilo. Lakini ni kipande kinachobaki faibrini inapovunjwa, nayo faibrini hutengenezwa na kuvunjwa katika bonge la damu, katika nimonia kali, katika usaha, baada ya upasuaji, hata katika uzee. Kuruka kutoka 1,100 hadi 3,900 kulisema "kuna jambo", basi. Uamuzi wa kupiga picha kabla ya kutoa dozi kamili ulikuwa bora kuliko yote tuliyofanya wiki ile. Kama tungeanza heparini na kuridhika, kishimo kingekua chini ya pua zetu.

Lililobaki ni damu tuliyoitoa bure. Feritini ilipimwa kila siku kwa siku kumi na haikubadilisha uamuzi hata mmoja. LDH ilituletea hofu ya bure siku ya 4. Hemoglobini ya mgonjwa ilishuka kutoka 13.6 hadi 11.9, na ingawa ugonjwa una sehemu yake, chupa zetu zina sehemu yake pia. Siku ya 9 mikono yake ilikuwa na michubuko kutoka kiwiko hadi kiganja. Tulikuwa na namba nyingi mno za kutazama, na wingi huo ulituficha zile chache zilizokuwa zinabadilika.

Kama tosilizumabu ndiyo iliyofungua mlango kwa Staphylococcus, hapo wodini bado tunabishana. Kisukari, steroidi, siku nane kitandani na mapafu yaliyoharibiwa na virusi vinatosha kuleta nimonia hiyo bila msaada wa dawa nyingine. Mgonjwa mmoja hawezi kujibu swali hilo. Nami ningempa tena dawa ileile asubuhi ile ya siku ya 2.

Tulichobadilisha

Jedwali la kunakili kwa mkono limeondolewa. Majibu yanasomwa kwenye skrini, pamoja na mistari ya maabara. Kila mgonjwa aliyepewa tosilizumabu ana alama nyekundu kwenye faili yenye tarehe ya dozi, na CRP yake haitajwi kwenye raundi kama sababu ya kutofanya jambo. Prokalsitonini hupimwa kabla ya dozi na kila siku ya tatu baada yake. Oksijeni anayohitaji mgonjwa ikipanda baada ya kuwa imeshuka, makohozi huoteshwa siku hiyohiyo hata kama vipimo vyote vinang'aa. Feritini hupimwa siku ya kwanza, na mwenye kuitaka tena anaandika ataitumia kwa lipi. Raundi sasa huanza na muuguzi wa usiku akieleza alichokiona, kabla ya namba yoyote kutajwa. Hili la mwisho ndilo lililopingwa zaidi, kwa kuwa linaongeza dakika kumi na tano.

Barua ya kutoka hospitalini ilikuwa na mstari uliopigiwa chini: kwa wiki kadhaa zijazo CRP na homa visitumike kuondoa shaka ya maambukizi kwa mgonjwa huyu.

Alirudi kliniki wiki ya 8, amenenepa kidogo, na CRP yake ilikuwa 31. Daktari kijana aliyempokea alikimbia kuniita. Picha ya kifua ilikuwa nzuri, oksijeni 97%. Tulimuuliza kama ana maumivu popote, akafungua mdomo akatuonyesha jino la nyuma lililovimba tangu Jumapili. Ini lilikuwa limeanza kusema tena.